Sura ya 6: Ufipa Kuna Nini cha Kuangalia?

Swali hili huulizwa stendi ya Mbeya, huulizwa kwenye harusi Dar es Salaam, na huulizwa hata na watumishi waliopangiwa kazi Sumbawanga wakakaa huko miaka: ukishafika kule juu, utaangalia nini? Kilwa kuna msikiti mkongwe na kasri la Husuni. Bagamoyo kuna magofu ya Kaole. Iringa kuna Kalenga na fuvu la Mkwawa. Ufipa, watu hujibu, kuna mahindi, baridi na hadithi za uchawi.

Hadithi hizo tuziache hapa hapa mlangoni. Zimewafanya wasafiri wengi wapite Ufipa bila kugeuza shingo, na wenyeji wenyewe wamechoka kuzisikia. Jibu langu kwa swali ni hili: Ufipa ina historia nene, ila haikuandikwa kwa mawe na chokaa. Wafipa hawakujenga minara. Waliyeyusha chuma, walirutubisha udongo mwembamba wa vilima, walifuma nguo za pamba, na alama za kazi hizo bado zipo mashambani. Anayekwenda kutafuta majengo atarudi akilalamika. Anayekwenda kutafuta kazi za mikono ya watu atakuwa na shughuli kila kilima.

Uwanda kati ya maziwa mawili

Tuanze na ardhi, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Afrika ya Mashariki imepasuka kwa ndani. Ardhi imevutwa pande mbili, sehemu ya kati ikadidimia ikawa bonde refu lenye kuta, na hilo ndilo wataalamu huliita bonde la ufa. Kusini magharibi mwa Tanzania kuna mapasuko mawili yanayokwenda sambamba. Moja limejaa maji ya Ziwa Tanganyika, lingine limebeba Ziwa Rukwa. Ufipa ni kipande cha ardhi kilichobaki juu, katikati ya yote mawili.

Maziwa hayo ni ndugu wasiofanana hata kidogo. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na duniani ni Baikal la Urusi pekee linalolizidi. Rukwa ni la mita chache tu, halina mto wa kutolea maji, kwa hiyo chumvi imejikusanya humo na ukubwa wake hubadilika mvua zikizidi au zikipungua. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, na ukingo wa milima ya Mbizi unapanda hata kupita mita 2,000.

Asubuhi yako ya kwanza Ufipa, nenda Mbizi. Kuna msitu wa hifadhi wenye mbega wekundu, na kutoka ukingoni unaliona bonde la Rukwa limelala zaidi ya kilomita moja chini ya miguu yako. Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson alipita nyanda hizi akaliona ziwa hilo, akalibandika jina la mfalme wa Ubelgiji, kama vile lilikuwa halijawahi kuitwa kitu na watu waliokuwa wakivua samaki humo. Jina lile limekufa. Rukwa limebaki.

Matanuru yaliyojivutia upepo yenyewe

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, peke yake linatosha kumtoa mtu Dar es Salaam hadi huku.

Katika vijiji vya Nkasi na Sumbawanga Vijijini, hasa penye vichuguu vikubwa, unaweza kukuta mnara wa udongo uliokomaa kwa moto, mpana chini na mwembamba juu, mrefu kuliko mtu mzima. Mingine hufika mita tatu. Kitako kimezungukwa na matundu, na pembeni kuna mlango. Hili ni tanuru la kuyeyushia chuma. Wafipa huliita ilungu. Yakiwa mengi ni malungu.

Ili uone ajabu yake, kumbuka jinsi mhunzi wa kawaida anavyofanya kazi. Moto wa mkaa peke yake hautoshi kutoa chuma kwenye mawe yake. Unahitaji hewa nyingi, na kwa kawaida hewa hiyo husukumwa na mivukuto, yaani mifuko ya ngozi inayobonyezwa kwa mikono saa nzima, siku nzima. Mafundi wa Ufipa waliiondoa kazi hiyo kwa kubadili umbo la tanuru. Moto ukishika, hewa ya ndani hupata joto na kupanda juu. Kadiri tanuru linavyokuwa refu, ndivyo mvutano unavyozidi, na hewa mpya hulazimika kuingia kwa kasi kupitia mirija ya udongo iliyopachikwa kwenye matundu ya chini. Tanuru linapumua lenyewe. Mafundi walilijaza mkaa na mawe yenye chuma kwa tabaka, wakaliwasha, na likaunguruma kwa siku kadhaa, usiku na mchana.

Humo ndani chuma hakigeuki maji kama watu wengi wanavyodhani. Kinachoyeyuka ni takataka za jiwe, ambazo hutiririka na kuganda zikiwa nyeusi, nzito, zenye kung'aa kama kioo kilichovunjika. Hayo ndiyo mavi ya chuma. Chuma chenyewe hubaki bonge lenye matundu matundu, na bonge hilo bado si jembe. Lilipelekwa kwenye tanuru la pili, dogo, lenye mivukuto, likasafishwa tena, kisha likaenda kwa mhunzi kufuliwa. Hatua tatu, mafundi tofauti, na mwishoni jembe la Kifipa ambalo thamani yake ilitosha kuwa sehemu ya mahari.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake wa heshima. Tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi. Mkuu wa mafundi alikuwa na kikapu cha dawa, na baadhi ya dawa hizo zilizikwa chini ya kitako kabla ya kuwasha. Wakati wa kuyeyusha, mafundi walijitenga na wake zao, kwa kuwa tanuru ndilo lililokuwa na mimba. Usiyacheke hayo. Mtu aliyekata miti, akachoma mkaa, akachimba mawe na kujenga mnara wa udongo kwa majuma mengi, halafu matokeo yote yakategemea moto ambao haoni ndani yake, alihitaji kanuni za kuwafanya watu wote wawe makini. Miiko ilifanya kazi hiyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 majembe ya viwandani kutoka Ulaya yakaja kwa bei ambayo fundi wa ilungu hakuiweza, na moto ukazimika. Wazee walioyaona matanuru yakiwaka waliendelea kusimulia. Katika miaka ya 1990 watafiti, miongoni mwao Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, yaani mtaalamu wa kusoma mabaki ya kale yaliyomo ardhini, walitembea Nkasi kijiji kwa kijiji wakiyaandikisha. Mapunda alionyesha kwamba malungu si aina pekee. Kuelekea mwambao wa Tanganyika kuna matanuru mengine ya zamani zaidi, mafupi, yaitwayo katukutu. Maana yake ni kwamba ufundi wa chuma huku ulizaliwa, ukabadilika na kuboreshwa na watu waliokuwa wakijaribu na kusahihisha kwa vizazi vingi.

Kwa ufupi, ukiwa mbele ya ilungu angalia vitu vitatu:
- matundu ya kitako, ambamo mirija ya hewa ilipita;
- mavi ya chuma yaliyotapakaa kuzunguka, yanayokuonyesha kwamba tanuru lilitumika kweli;
- kichuguu kilicho karibu, kwa kuwa udongo wake ndio uliotumika kulijenga tanuru.

Udongo haungoji

Nimesema matanuru haya ni ya udongo. Mvua inayala. Mizizi ya miti inayapasua. Mkulima anayehitaji shamba halaumiwi akiona kizuizi cha udongo katikati ya mahindi yake, hasa kama hakuna aliyewahi kumwambia ni kitu gani. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ilungu likibomoka halijengwi tena; aliyejua kulijenga hayupo.

Kuna mahali pengine duniani penye tatizo linalofanana na hili. Katikati ya Italia, watu wa kale walijenga miji yao juu ya vilima ili kuwaona maadui mapema na kukwepa malaria ya mabondeni. Mmoja wa miji hiyo unaitwa Civita di Bagnoregio. Umekaa juu ya jiwe laini la majivu ya volkano, na kingo zake zimekuwa zikimeguka karne kwa karne mpaka mji umebaki kama kisiwa, unaingiwa kwa daraja la miguu tu. Wakazi wa kudumu wamebaki wachache, wanahesabika kwa vidole. Mwaka 2013 halmashauri iliamua kila mgeni alipe kiingilio kidogo cha euro moja na nusu. Kiingilio hakikuwafukuza watu. Wageni waliongezeka hadi kufikia mamia ya maelfu kwa mwaka, na kiingilio chenyewe kikapanda.

Sitaki Nkasi iwe Italia. Ninachokitazama pale ni jambo moja: watu walikipa thamani kitu kinachoporomoka wakati bado kinaporomoka, na wageni waliolipa wakawa sehemu ya mapato ya kukitunza. Kijiji chenye malungu mawili matatu yaliyosimama vizuri, kibao cha mbao chenye maelezo, na kijana anayelipwa kuwatembeza wageni, hakihitaji fedha za wafadhili kuanza. Kinahitaji mkutano mmoja wa serikali ya kijiji.

Kigoda cha Milanzi

Historia ya utawala wa Ufipa haisimuliwi bila Milanzi, makao ya watawala wa kwanza wa Ufipa katika masimulizi ya Wafipa. Husimuliwa kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni. Siku moja akiwa mawindoni walikuja wanawake wageni kutoka mbali, wa ukoo wa Watwa. Mtawala alikuwa amemwonya mke wake kwamba wageni watakuja, na asije akawapa kigoda chake. Wageni wakaja, mke akawa mkarimu, wakaketi. Mtawala aliporudi, nchi ilikuwa imeshapata wenyewe. Wakapatana: Watwa watawale Ufipa, yeye abaki na Milanzi yake na heshima ya kidini.

Ukisikiliza hadithi hii kama mtu wa leo, utaona imeeleza katiba. Nguvu ya kutawala kwa mmoja, uhalali wa ardhi kwa mwingine, na hakuna anayeweza kumfuta mwenzake. Baadaye nchi ya Watwa iligawanyika ikawa falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizodumu mpaka wakoloni walipofika.

Hapa katikati kuna tukio ambalo nashangaa halisimuliwi zaidi shuleni. Katika miaka ya 1840 Wangoni waliokuwa wakihama kutoka Afrika Kusini walifika Ufipa wakiongozwa na Zwangendaba, wakaweka makao yao mahali palipoitwa Mapupo. Zwangendaba alifia hapo. Kifo chake kikawagawa watu wake: wengine wakaelekea kaskazini hadi karibu na Ziwa Viktoria, wengine wakarudi kusini, na matawi yao ndiyo Wangoni wa Songea, wa Mpezeni huko Zambia, wa Mbelwa huko Malawi. Mngoni wa matawi hayo akitaka kujua njia za wazee wake ziliachana wapi, jibu liko kwenye nyanda hizi.

Mashamba yenye madoa

Usiishie kwenye mambo ya wafalme. Ukipita barabarani mvua zikielekea kuisha, utaona vilima vimejaa vituta vya duara, mamia kwa mamia. Wafipa huviita intumba. Mkulima hukusanya majani, huyafunika kwa udongo uliopinduliwa, na huyaacha yaoze humo. Msimu unaofuata huvisambaza na kupanda ulezi. Udongo wa Ufipa ni hafifu na miti ni michache, kwa hiyo kilimo cha kufyeka na kuchoma, ambacho majirani wengi walikitumia, hakikuwafaa sana huku. Wakageuza nyasi kuwa mbolea. Ukipanda juu kidogo asubuhi, jua likiwa bado chini na vivuli ni virefu, hakuna picha nzuri kuliko hiyo Ufipa nzima.

Kasanga: mizinga ya mbao

Kutoka Sumbawanga, barabara ya Matai inateremka mpaka bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Juu ya rasi yapo magofu ya boma la Wajerumani, waliloliita Bismarckburg kwa jina la chansela wao. Hapa ndipo utakapokuta kuta za mawe.

Mwezi Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, boti za kivita za Waingereza zilifika mbele ya boma. Kamanda wao, Spicer-Simson, aliona midomo ya mizinga ikichungulia ziwani, akarudi nyuma. Askari wa nchi kavu waliotoka Rhodesia ya Kaskazini walipolizingira boma, walinzi wake walishatoroka usiku kwa mitumbwi kupitia maji aliyoyaacha wazi kamanda. Mizinga ilipokaguliwa, ilikuwa ya mbao.

Ukisimama hapo, watazame pia waliopita kabla ya Wajerumani. Mwaka 1867 mvumbuzi David Livingstone aliandika kwamba watu wa kusini mwa ziwa hili waliliita Liemba. Mwaka 1873 watumishi wake, Susi, Chuma na wenzao, walipita Ufipa wakiwa wamebeba maiti yake kuelekea Tabora na pwani. Na meli iliyokuja kubeba jina hilo la Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kuzamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena, ikitia nanga Kasanga na Kipili kwa vizazi.

Kalambo: maji, na miti miwili

Maporomoko ya Kalambo yako mpakani na Zambia. Maji yanaanguka zaidi ya mita 220 kwa mruko mmoja, mara mbili ya urefu wa maporomoko ya Viktoria. Upande wa Tanzania eneo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Korongo wakubwa, wale marabu, huweka viota kwenye kuta za miamba.

Watu hupiga picha na kuondoka. Lakini juu ya maporomoko, upande wa Zambia, kuna jambo kubwa kuliko maji. Mwanaakiolojia Desmond Clark alianza kuchimba huko miaka ya 1950. Mwaka 2019 timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ikapata magogo mawili yaliyochongwa, moja limekatwa pengo ili likae juu ya jingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: magogo hayo yana umri wa angalau miaka 476,000. Umri ulipatikana kwa kupima mchanga ulioyafunika, kwa njia inayoonyesha ni lini chembe za mchanga ziliona jua mara ya mwisho. Mbao kwa kawaida huoza. Hizi zilihifadhiwa na tope lililolowa maji daima na kukosa hewa.

Binadamu wa aina yetu anakadiriwa kuwepo kwa kama miaka 300,000. Aliyechonga pengo lile, basi, alikuwa mwingine aliyetutangulia, na tayari alijua kuunga mti na mti.

Uende vipi, na kwa adabu gani

Kutoka Mbeya mabasi hupitia Tunduma, kisha lami ya zaidi ya kilomita 220 inapita Laela na Mpui hadi Sumbawanga. Kutoka kaskazini utapitia Mpanda na Namanyere. Nenda kati ya Mei na Oktoba. Novemba hadi Aprili ni mvua na njia za vijijini huteleza. Beba sweta zito, hasa Juni na Julai.

Malungu hayana vibao, kwa hiyo kinachokufikisha ni watu:
- Anzia ofisi ya kijiji, jitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti, eleza unachotafuta.
- Omba upewe mzee wa kukuongoza, na mlipe kwa kazi yake kama unavyomlipa dereva wa bodaboda.
- Mwamkie kabla ya kuuliza lolote, kaa unapoonyeshwa, na usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Tanuru likiwa shambani, mwenye shamba naye aombwe.
- Usiokote kitu, hata kipande cha mavi ya chuma. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na rundo likipungua, anayekuja baadaye hawezi tena kukadiria tanuru lilifanya kazi kiasi gani.

Ukiwa na siku nne, panga hivi: Mbizi na Milanzi siku ya kwanza, malungu ya Nkasi siku ya pili, Kasanga ya tatu, Kalambo ya nne. Ukiwa na muda zaidi, endelea kaskazini hadi Karema, ambayo sasa iko mkoa wa Katavi, ukaone ngome iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Huko alifanya kazi Adrien Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, na kuwatibu watu wa mwambao huu tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956.

Na ukiwa na siku moja tu, iache Kalambo. Maporomoko yatakuwepo ukirudi. Nenda Nkasi.